Nusa mkono kwanza: kupima sukari na mafuta ya damu kwa anayeanza maabara

Mwaka juzi, msimu wa machungwa, mama mmoja anayeuza machungwa kando ya barabara hapa Muheza aliletwa maabara akiwa na kikaratasi cha zahanati: sukari milimoli 17.8 kwa lita. Hakuwa na kiu, hakuwa akiamka usiku kukojoa, hakukonda. Amekaa tu, kikapu miguuni, anasubiri kuambiwa kwamba naye ameshaingia kwenye kisukari kama dada yake. Nikamshika mkono wa kushoto, nikaunusa. Chungwa tupu! Alikuwa akimenya tangu alfajiri. Nikampeleka bombani, akanawa kwa sabuni, akakausha, nikamtoboa kidole kingine: 6.9.

Kule zahanati walikuwa wamempangusa kwa pamba ya spiriti kabla ya kumtoboa, kwa hiyo siwezi kusema walizembea. Ila spiriti haiondoi maji ya tunda yaliyokaukia kwenye ngozi kama sabuni na maji yanavyoyaondoa, na tone linaloingia kwenye glukomita, kile kimashine cha kupimia sukari kidoleni, ni dogo mno, utamu kidogo tu unalivuruga.

Kila mwaka napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na kila mmoja siku ya kwanza anataka nimwoneshe mashine. Mashine utaiona, mdogo wangu, haikimbii. Lakini kwa miaka 26 niliyokaa kwenye kiti hiki, majibu ya uongo niliyowahi kuyatoa karibu yote yaliharibikia kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Yaliharibikia kidoleni, kwenye tyubu, juu ya bodaboda.

Kwanza ujilinde wewe

Mimi nimesoma zama ambazo pipeti za kioo, mirija ya kupimia vimiminika, zilivutwa kwa mdomo. Mwalimu alikataza kwa maneno na kuvuta kwa vitendo, na sisi tulifuata vitendo. Ndiyo maana najua seramu ya binadamu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda, ina ladha ya chumvichumvi, jambo ambalo ningefurahi kutolijua. Sukari tulipima kwa kemikali iitwayo othotoluidini ndani ya asidi kali ya siki: unachemsha dakika kumi, rangi ya kijani inatoka, chumba kizima kinanuka achari. Leo kemikali hiyo inajulikana kuwa inasababisha saratani ya kibofu cha mkojo. Hatukuwa na habari, tulikuwa tunainusa tukicheka.

Kwa hiyo nikikukuta unakula andazi mezani pangu, au unapokea simu ukiwa na glavu kisha unaiweka simu hiyohiyo shavuni, usishangae nikikutoa nje mbele za watu. Chanjo ya homa ya ini B umalize dozi zote tatu. Koti ulifunge vifungo, viatu viwe vya kufunika vidole. Ndala waachie wavuvi.

Sindano usiirudishie kifuniko. Mwaka 2009 nilirudishia, mara moja tu, kwa sababu boksi la sindano lilikuwa upande wa pili wa chumba na mimi nilikuwa nimechoka. Ncha ikatoboa glavu, ikaingia kidole gumba cha kushoto. Nilinawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sikukamua jeraha, nikaandika kwenye kitabu cha matukio, nikaenda kuanza dawa kinga za VVU saa ileile. Dawa hizo unaanza mapema kadiri uwezavyo, na usivuke saa 72. Unazimeza siku 28. Wiki ya kwanza nilitapika kila asubuhi. Majibu yangu yote yalitoka salama, lakini tangu siku ile boksi linakaa pale mkono wangu unapofika bila mimi kunyanyuka, na likijaa robo tatu linafungwa, hata kama ndani unaona nafasi.

Damu ikimwagika, funika kwa karatasi au pamba, mimina Jik iliyochanganywa, ngoja dakika kumi, ndipo ufute. Kuchanganya: ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji, unapata asilimia 0.5. Changanya kila siku upya, ya jana imeshapungua nguvu. Na Jik usiikutanishe na asidi yoyote, hata ile ya kusugulia choo. Inatoa gesi ya klorini, na mfanyakazi wetu mmoja wa usafi alilala wodini siku mbili kwa jambo hilo. Asidi yenyewe ukiipunguza nguvu, unamimina asidi ndani ya maji taratibu, kamwe usimimine maji ndani ya asidi.

Sukari inaliwa ndani ya tyubu

Hapa ndipo ninapotaka ukae sana.

Ugali, wali, muhogo, chungwa, wanga wote huo ukishameng'enywa, sehemu kubwa inaingia kwenye damu kama glukosi. Chembe za damu zinaila glukosi hiyo ili ziishi. Ukishaichukua damu na kuitia kwenye tyubu, chembe hazijui kwamba zimehama, zinaendelea kula. Katika joto la kawaida la chumba, damu ambayo haijatenganishwa inapoteza kama asilimia 5 hadi 7 ya glukosi kila saa. Joto likizidi, zinakula zaidi. Chembe nyeupe zikiwa nyingi, zaidi tena.

Fanya hesabu. Mtu amefunga, amechukuliwa damu kituo cha afya saa mbili asubuhi, sukari yake halisi ni 7.2. Tyubu ya kawaida, imewekwa dirishani kusubiri bodaboda, imenifikia saa tano. Saa tatu zimepita. Ikipungua 0.4 tu kila saa, mimi nitasoma 6.0. Mpaka wa kisukari kwa aliyefunga ni 7.0. Nimemrudisha nyumbani mgonjwa wa kisukari na karatasi inayosema hana, na mashine yangu ilikuwa nzima kabisa.

Utaniambia, si kuna tyubu ya kifuniko cha kijivu? Ipo, na ndiyo utumie. Ndani ina fluoridi, inayozuia kimeng'enya kiitwacho enolasi. Lakini enolasi iko karibu na mwisho wa njia ya kuvunja glukosi. Ni kama kufunga geti la kutokea huku la kuingilia liko wazi: watu wataendelea kuingia mpaka uwanja ujae. Kwa hiyo hata tyubu ya kijivu inaendelea kupoteza sukari saa moja mbili za mwanzo, ndipo inatulia. Ukitaka namba ya kweli, iweke tyubu kwenye maji yenye barafu mara tu baada ya kuchukua, na uizungushe kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha damu kwa kasi hadi chembe zishuke chini, ndani ya nusu saa, na plazma, yale maji ya juu, uitenge. Huna barafu? Basi timua mbio. Na andika saa ya kuchukua damu juu ya tyubu. Tyubu isiyo na saa mimi naihesabu kama haina jina.

Mambo mengine ya mkononi, kwa haraka. Kamba ya mkono isizidi dakika moja. Tyubu nyekundu au ya njano inatangulia, zambarau inafuata, kijivu mwisho. Ukianza na zambarau, dawa yake ya kuzuia damu kuganda ina potasiamu, itakuchafulia tyubu inayofuata: potasiamu itapanda, kalsiamu itashuka, na daktari atapiga simu kuuliza mgonjwa mwenye potasiamu ya 9 anawezaje kuwa nje anapiga soga.

Na usitoe damu mkono wenye dripu. Dripu ya dekstrosi ya asilimia 5 ina glukosi kama milimoli 278 kwa lita. Damu ikichanganyika nayo sehemu moja kwa kumi tu, umeongeza zaidi ya 20 kwenye jibu, na mtu anaweza kupigwa insulini asiyoihitaji.

Kupima kwa mkono, pipeti hadi hesabu

Mashine kubwa ikigoma, au kitendanishi chake, yaani dawa ya kupimia, kikichelewa kutoka bohari, tunarudi kwenye njia ya glukosi oksidesi na kipima rangi kidogo. Ujifunze hii vizuri, kwa sababu mashine kubwa inafanya mambo mengi kwa staili hiyohiyo, ila imefunikwa usione.

Kinachotokea ni hiki. Kimeng'enya cha kwanza kinaigeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki na kuacha peroksidi ya hidrojeni. Kimeng'enya cha pili, peroksidesi, kinaichukua peroksidi hiyo na kuunganisha kemikali mbili zisizo na rangi zikawa waridi inayoelekea wekundu. Sukari nyingi, rangi nzito. Basi.

Panga tyubu tatu: tupu, standadi (kimiminika chenye sukari ya kiasi kinachojulikana), mgonjwa. Kila moja tia maikrolita 1000 za kitendanishi kilichotoka kwenye friji na kufikia joto la chumba. Kitendanishi chenyewe kiangalie kwanza, kikiwa kimeshaanza kuwa na waridi kabla hujakiwekea kitu, kimezeeka. Kisha kwenye tyubu ya standadi maikrolita 10 za standadi, kwenye ya mgonjwa maikrolita 10 za plazma. Ile tupu haiongezwi kitu.

Hizo maikrolita 10 ndizo zinazowaumbua wanafunzi. Ni kitone kidogo kuliko chozi. Bonyeza pipeti hadi kituo cha kwanza, pale kitufe kinapogoma kidogo, ukiwa bado hewani, zamisha ncha milimita mbili tu ndani ya plazma, achia kidole polepole. Ukiachia ghafla, utavuta povu. Toa ncha, ifute pembeni kwa tishu bila kugusa tundu lake, maana plazma iliyoning'inia kwa nje inaweza kuwa maikrolita nzima, na moja kwa kumi ni asilimia kumi ya jibu lako. Gusa ukuta wa tyubu, bonyeza hadi kituo cha kwanza, kisha cha pili. Changanya. Dakika kumi kwenye maji ya nyuzi 37, au fuata muda ulioandikwa kwenye karatasi ya kitendanishi kama unatumia joto la chumba. Karatasi hiyo ndiyo bosi. Mimi ni mzee tu ninayekaa karibu nayo.

Soma kwenye nanomita 505, au kichujio kilicho karibu, kwa kuanzia na ile tupu ili mashine ijue sifuri iko wapi. Tuseme standadi yako ni ya 5.55 na imesoma 0.312, mgonjwa amesoma 0.418. Gawa 0.418 kwa 0.312, zidisha kwa 5.55. Unapata 7.4.

Ikiwa jibu limevuka uwezo wa kipimo, punguza plazma kwa maji ya chumvi nusu kwa nusu, pima tena, na zidisha kwa 2. Hapo kwenye kuzidisha ndipo watu husahau. Andika "x2" kwenye tyubu yenyewe, usiamini kichwa chako saa nane mchana.

Angalia pia kipimio. Sisi tunatoa kwa milimoli kwa lita, hospitali nyingine zinatoa kwa miligramu kwa desilita. Kwa glukosi unagawa kwa 18: 126 ya kule ni 7.0 ya kwetu. Kijana mmoja alinijia anatetemeka, sukari ya baba yake imepanda kutoka 6 hadi 108 kwa wiki moja. Ni kitu kilekile, bwana. Lakini usiibebe hiyo 18 ukaenda nayo kwenye mafuta: kolesteroli unagawa kwa 38.67, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, kwa 88.57.

Kontroli siyo mapambo ya ukutani

Kila asubuhi kabla ya mgonjwa yeyote, pima kontroli, sampuli ambayo jibu lake unalijua, na uweke nukta kwenye chati. Nukta ikivuka mistari mitatu ya mkengeuko kutoka wastani, hakuna jibu linalotoka. Wengi wanajua hilo. Wasilolijua ni kusoma nukta zilizo ndani ya mipaka. Tuliwahi kupata nukta kumi mfululizo chini ya wastani, zote ndani ya mistari miwili, kila anayeingia zamu anaweka tiki anaondoka. Siku ya kumi na moja nikachukua ile pipeti ya maikrolita 10, nikapipeti maji mara kumi kwenye mzani. Yalitakiwa yawe gramu 0.1. Yalikuwa 0.091. Mpira wa ndani umechakaa. Siku zote hizo tulikuwa tunawapunja wagonjwa sukari kama muuza duka mwenye jiwe bovu.

Na usirudie kontroli mara nne ili ile ya tano ikubali. Tafuta sababu, kisha ndiyo urudie.

Mafuta, na swali la chai

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili unayafunga kwenye vifurushi vyenye protini, lipoprotini. LDL inapeleka kolesteroli, ambayo wengine wanaiita lehemu, kwenye viungo. HDL inairudisha ini. Kilomikroni ndizo zinazotoka utumboni baada ya kula, zimejaa trigliseridi, na ndizo zinazoifanya seramu iwe nyeupe kama tui.

Kipimo cha mafuta wengi wanakiomba mtu akiwa hajala saa 9 hadi 12. Siku hizi kuna nchi wameshalegeza, lakini daktari wako akiomba ya kufunga, hakikisha imefungwa kweli. Usimuulize mtu "umekula?" Atakujibu, "Sijala kitu, nimekunywa chai tu." Chai ya maziwa, vijiko vitatu vya sukari. Kwetu chai siyo chakula, kwa hiyo hajakudanganya. Muulize: mara ya mwisho kuweka kitu mdomoni ilikuwa saa ngapi, na kilikuwa nini? Mwambie pia mapema kwamba kufunga kwa maabara siyo swaumu, maji ruksa. Wanakuja wamekauka, mishipa imejificha, unawachoma mara tatu bure. Mwezi wa Ramadhani mambo yanageuka: aliyekula daku saa kumi usiku akija saa tisa alasiri amefunga vizuri kuliko wengi wanaokuja asubuhi.

Kipimo cha trigliseridi kina mtego ninaoupenda. Hakizipimi zenyewe. Kimeng'enya kinazikata, na kinachopimwa ni gliseroli inayotoka. Gliseroli ndiyo hiyohiyo glisirini unayojipaka mikononi wakati wa kipupwe. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye trigliseridi zilipanda kila zamu yake, wagonjwa wote wamenona ghafla. Binti alikuwa anapaka mafuta ya glisirini kisha anashika ncha za pipeti kwa vidole. Glavu, mdogo wangu, na ncha zitolewe kwa pipeti yenyewe.

LDL mara nyingi hatuipimi, tunaikokotoa kwa njia ya Friedewald ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Mtu ana 5.8, HDL 1.1, trigliseridi 2.0. LDL yake ni 3.8. Lakini trigliseridi zikivuka 4.5, usikokotoe, hata kama kompyuta inakushawishi. Ule mgawanyo wa 2.2 unakuwa si kweli tena. Andika kwamba LDL haikokotoleki na upendekeze ipimwe moja kwa moja.

Ukiletewa seramu nyeupe, usiifiche. Iache tyubu imesimama kwenye friji usiku kucha. Asubuhi ikiwa na utando wa malai juu na chini pameangaa bila ukungu, ni kilomikroni, pengine mtu alikula chapati na supu. Ikibaki na ukungu mpaka chini, ni mafuta ambayo ini lenyewe linayatoa, na hilo daktari anatakiwa kuambiwa. Na kumbuka ukungu huo unazuia mwanga, utavuruga hata vipimo vingine unavyosoma kwa rangi.

Yule mama wa machungwa alirudi keshoye, hajala tangu saa mbili usiku, mikono imenawiwa. Damu ya mshipani, tyubu ya kijivu, barafu, sentrifuji ndani ya dakika ishirini: 6.3. Haifiki 7.0, lakini imepita 6.1, kwa hiyo daktari aliomba kipimo cha kunywa sukari. Nikampa gramu 75 za glukosi kwenye maji ya mililita 300, nikamkamulia ndimu kidogo ili asitapike, kwa sababu akitapika kipimo kimekufa. Alimaliza ndani ya dakika tano, akakaa kwenye benchi bila kutembea hata kwenda dukani. Baada ya saa mbili kamili nikachukua tena: 8.9. Kisukari kinaanzia 11.1, na mzima yuko chini ya 7.8. Yuko katikati, basi karatasi nikaiandika hivyo na nikampeleka mwenyewe chumba cha daktari.

Jumamosi aliniletea machungwa. Nilienda kuyamenyea nyumbani.